Mwaka Bi Somoe Alipokuwa Jaji Wangu

Hamisi alinipigia simu nikiwa ofisini, walimu wangu wakiingia mmoja mmoja kwenye kikao cha asubuhi, akasema, "Mwalimu, mama ametutoka." Sikuuliza mama yupi. Niliahirisha kikao, nikarudi nyumbani kufungasha, na kesho yake nikaanza safari ndefu ya kuteremka kutoka kwetu Tukuyu mpaka Mtwara, na kutoka Mtwara mpaka Mahurunga, kijiji ambacho niliwahi kukichukia kwa moyo wangu wote. Nilifika mazishi yamekwisha. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani uani, wengine wakichambua mchele, na nilipoinama kuwapa pole mmoja wao akanikazia macho, kisha akawageukia wenzake: "Si ndiye huyu mwalimu wa vipicha?" Wakaangua kicheko, msibani hivyo hivyo, na mama mmoja mtu mzima akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, wala sikuweza kujua kama yalikuwa ya kilio au ya kicheko. Nikajua hawajasahau. Hamisi aliniambia kwamba asubuhi ya siku aliyofariki, mama yake alikuwa amekaa barazani akimgombeza jirani kwa kuanika mpunga wenye mawe, na mawe yenyewe aliyaona kutoka pale pale alipokaa. "Amekufa anaona, Mwalimu," alisema. "Hilo tu linanitosha."

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule wa kwanza wa ajira yangu. Habari za kwetu, za wazazi na za chuo, naziacha, maana siku niliposhuka kwenye gari pale Mahurunga na begi langu hazikunisaidia kitu. Nilipangishwa chumba kwa Bi Somoe, mjane aliyekuwa akiuelekea uzee bila haraka, mwenye nyumba ya bati iliyotazamana na njia ya kwenda mashamba ya mpunga, kule bondeni mto Ruvuma unakotambaa kuelekea baharini. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza moja, na dirisha la mbao lililofunguka moja kwa moja jikoni kwake, kwa hiyo nilivuta moshi wake wote na kusikia maneno yake yote. Nyumba haikuwa na dari. Neno likitamkwa chumba kimoja, vyumba vyote vililipokea. Ndivyo nilivyomsikia, jioni ya kwanza kabisa, akimwambia jirani yake, "Wameniletea mwalimu mwingine. Huyu naye atakaa mpaka viatu vichakae, halafu ataomba uhamisho." Alikuwa amepatia. Ombi la uhamisho nilikuwa nimekwisha kulipanga kichwani kabla sijafungua zipu ya begi.

Upweke wa mwalimu mgeni hauna kelele. Watu walinisalimu vizuri, watoto walinibebea madaftari, lakini jua likianza kushuka kila mtu alirudi kwenye lugha yake, Kimakonde hapa, Kimakua pale, nami nikabaki na Kiswahili changu cha chuoni kama mtu aliyevaa suti shambani. Bi Somoe alinipa chakula kabla hata hatujapatana bei ya chumba: ugali wa muhogo uliovutika kama mpira, kisamvu cha nazi, na msimu wa kiangazi ming'oko, mizizi ile ya porini aliyoichemsha kwa chumvi na pilipili, tukaimenya kwa vidole tukiwa tumekaa kwenye vigoda. Alikuwa anapika kwa kupapasa. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. La kulia lilikuwa jeupe kama maji ya mchele, la kushoto lilikuwa bado na upenyo kidogo, na ili kuutumia upenyo huo aliinamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza mwewe. Kutwa nzima alitembea hivyo, kidevu juu, kichwa upande, akigombeza.

Kilichoniweka hai miezi ile ya mwanzo kilikuwa kundi moja la mtandaoni la watu wanaochora kwa simu. Dada mmoja wa Tanga, ambaye sote tulimwita Dada Mratibu, alitoa mada kila wiki: mvua, mlango, hasira, safari. Kila mshiriki alichora ikoni moja, kipicha cha mraba kidogo kama zile alama unazozibonyeza kwenye simu kufungulia kitu, chenye nukta mia kwenda pembeni na nukta mia kwenda chini, basi. Wanachama walipiga kura na mtu hakuruhusiwa kujipigia mwenyewe. Mshindi hakupewa chochote ila kipicha chake kuwekwa juu ya ukurasa wiki nzima, nasi tulikipigania kana kwamba ni ng'ombe wa mahari. Nilikuwa nachora kwa kidole, nakuza picha mpaka nukta moja inakuwa kama punje ya hindi, naijaza rangi, naenda ya pili. Simu niliichaji kwa sola ya dukani, na mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya mashine ya kusaga. Mwenye mashine, Mzee Nampunju, alizoea kuniona nimesimama pale juu na mkono hewani, akawa ananiuliza kila siku kama nimempata Mungu au bado namtafuta.

Siku moja nilikuwa jikoni nachora mada ya mvua huku nikisubiri kisamvu kiive. Bi Somoe akaacha kukoroga.

"Unabonyeza nini saa zote? Unaandikiana na mwanamume?"

"Hapana, mama. Nachora."

"Simu inachora? Hebu lete."

Nikampa. Akaishika kwa mkono ulionyooka wote, mbali na uso, akainamisha kichwa, akaitazama kwa lile jicho la kushoto. Nilisubiri sifa. Nilikuwa nimeweka mawingu matatu, nyumba, mwanamke na mwavuli, watoto wawili wakikimbia, na mti ukiinama kwa upepo.

"Kinyesi cha kuku," alisema.

"Ni mvua, mama. Hili wingu, hii nyumba, huyu mama ana mwavuli..."

"Kinyesi cha kuku," alirudia, bila ubaya wowote, "kilichokanyagwa." Akanirudishia simu, akaendelea kukoroga.

Niliipeleka hivyo hivyo kwa hasira. Sikupata kura hata moja. Mwanachama mmoja wa Mombasa aliyejiita Kipepeo, fundi ambaye sote tulimwogopa, aliniandikia kwa upole: "Dada, umetuchorea kijiji kizima. Sisi tuliomba mvua tu." Nilishuka kichuguuni bila hata kumuaga Mzee Nampunju. Leo nikiwa mtu mzima naona aibu kidogo kwamba mwanamke aliyesoma, mwenye kazi ya serikali, alitaka kulia kwa sababu ya kipicha kidogo kuliko ukucha. Lakini yeyote aliyewahi kukaa mahali ambapo hakuna anayemjua ataelewa kwamba kura zile zilikuwa watu. Nilitaka mtu mmoja, popote alipo, aone nilichokiona.

Jioni ile nikamuuliza Bi Somoe kitu kilichokuwa kinanisumbua tangu nihamie. "Mama, na macho hayo, unanijuaje nikipita njiani? Unaniita kabla sijakusalimu."

"Nakujua kwa mwendo," alisema. "Unatembea kama mtu aliyezungukwa na mayai. Nampunju namjua kwa bega moja lililoshuka. Mwanangu Hamisi ni kichwa, kikubwa kama cha baba yake. Mtu mzima wote wa nini? Nikipata kimoja kilicho chake, kinanitosha." Halafu akaniuliza kama kesho nitapita sokoni kumnunulia chumvi, maana kwake yalikuwa mazungumzo ya kawaida tu. Mimi sikulala usingizi mzuri. Wiki iliyofuata mada ilikuwa kitu cha jikoni, nikaacha majiko, masufuria, mwiko na moto, nikachora mbuzi ya nazi peke yake, lile bao lake na ulimi wake wa chuma, nyeusi juu ya njano. Nikampelekea. Akanyoosha mkono, akainamisha kichwa.

"Mbuzi," alisema papo hapo. "Tena imechakaa meno. Nunua mpya."

Nilipata nafasi ya tatu. Watu wawili wa bara walilalamika kwamba hawaoni pembe wala mkia, Kipepeo akawaelimisha.

Tangu siku hiyo hakuna kipicha kilichotoka Mahurunga bila kupita mbele ya jicho la kushoto la Bi Somoe. Utaratibu ulikuwa mmoja: mkono ukinyooka na jicho likakitambua, kinapanda kichuguuni, lisipokitambua, narudi kuchora. Alikuwa jaji katili. "Hiki kimevimba." "Hiki kinanuka." Mara moja aliniambia kipicha kizuri lakini cha mwongo, akakataa kueleza. Wala si kwamba alipatia kila siku. Kwenye mada ya safari nilichora kafi, lile la kupigia mtumbwi wa kuvukia mto, akashikilia kwamba ni mwiko wa ugali. Nikabishana naye, nikalipeleka, likapata kura nyingi. Nilipomwambia alifyonya. "Hao watu wako hawajawahi kupika."

Ila ushindi wa kwanza wa kweli tuliupata pamoja. Mada ilikuwa hasira. Washiriki wengine walichora ngumi, simba, nyuso nyekundu. Mimi nilichora sufuria yenye mfuniko ulioinuliwa upande mmoja na povu, mstari mmoja mweupe ukianza kuteremka. Nilipompa Bi Somoe simu alitazama, akaruka kutoka kwenye kigoda. "Nani kaacha maharage?" Akawa anapapasa kuelekea mekoni, na mekoni hapakuwa na kitu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye alipoelewa akanipiga begani kwa mwiko, kisha akacheka yeye, cheko la mtu aliyeshindwa kihalali. Wiki hiyo sufuria yangu ilikaa juu ya ukurasa. Dada Mratibu aliniuliza mbele ya wote ni nani aliyenifundisha, nikajibu kwamba nina jaji wangu wa nyumbani asiyeona vizuri, na kuanzia hapo kila nilipopeleka kitu waliuliza: jaji amesemaje? Nikawa nawaandikia. Walimpenda kabla ya kuujua uso wake. Nilipomweleza kwamba watu wa Tanga, Mombasa, Mwanza na hata Muscat wanamsalimia, aliitikia salamu moja moja kwa sauti kubwa, kana kwamba wako uani.

Siwezi kusema ni lini niliacha kulifikiria lile ombi la uhamisho. Najua tu kwamba msimu wa korosho ulipoingia, harufu ya mabibo yaliyopondeka ikiwa kila mahali, nilijikuta naokota korosho na wenyeji shambani kwa Bi Somoe na kumjibu Mzee Nampunju kwa Kimakonde kibovu kilichowafurahisha wote. Lakini ndipo pia macho ya Bi Somoe yalipoanza kuufunga ule upenyo. Alianza kunyoosha mkono na kukaa kimya. Vipicha nilivyojua kabisa kwamba ni vizuri alivizungusha, akavisogeza, akasema, "Leo kuna kivuli." Alasiri moja nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari, nikasikia yowe. Alikuwa amemimina uji wa moto, kikombe kiko huku, uji ukaenda kule, juu ya mguu wake. Nilipofika alikuwa ameketi chini, hasira zimemjaa, anakitafuta kikombe kwa mikono miwili.

Hamisi alikuja siku ya pili kutoka Ufukoni, mjini, alikokuwa akiishi na mkewe. Nami, kwa kuwa nyumba haikuwa na dari, niliyasikia yote.

"Mama, madaktari wa macho wanakuja hospitali mjini mwezi ujao. Imetangazwa msikitini, imetangazwa shuleni. Wanakutoa huo mtoto wa jicho, siku moja tu."

"Dada yangu walimtoa. Alirudi na jicho limefungwa, halikufunguka tena mpaka anazikwa."

"Dada yako alichelewa sana, mama. Wewe unaona njia unayoiendea? Utatumbukia mtoni."

"Nikitumbukia mamba watanijua. Mimi mwenyeji."

"Mama!"

"Hamisi, Mungu kanifungia dirisha moja. La pili bado lina ufa. Nikiwapelekea hao wataziba yote mawili. Opelesheni sitaki. Kula ugali wako."

Akala ugali wake, akaondoka na mshindo. Nilijaribu mimi, akanijibu kwamba mpangaji hapangi macho ya mwenye nyumba. Jirani alijaribu, imamu alijaribu. Kila mmoja alipewa chakula na kurudishwa.

Karibu na kufunga shule, Dada Mratibu akatangaza shindano la kufungia mwaka. Mada: uso wa mtu unayemjua. Kipicha kitakachoshinda kingekuwa nembo ya kundi mwaka mzima utakaofuata, juu ya kila ukurasa, mbele ya kila mtu. Sikuhitaji kufikiri nimchore nani. Kazi ilikuwa kuchagua kimoja kilicho chake. Nilianza na macho, nikayafuta. Nilianza na mikunjo, nikaifuta. Mwisho nikabaki na kichwa kilichoinama upande, kidevu juu, kanga ya njano imefungwa kwa nyuma, na mdomo wazi katikati ya neno la kugombeza. Rangi nne tu. Nilipomaliza nilikiweka mezani, nikatoka uani, nikarudi kukiona ghafla, na nilikaribia kusema, "Naam, mama."

Nikampelekea. Mkono ukanyooka, kichwa kikainama, yeye mwenyewe akijitazama akiwa vile vile kama nilivyomchora.

"Mwanamke," alisema hatimaye. "Kakasirika. Ana kiburi. Simpendi. Nani huyu?"

Nilifungua mdomo kumwambia, halafu nikaufunga. Sijui neno lile lilitoka wapi. Nadhani ni mwaka mzima wa kuishi na mkaidi ndio ulionifundisha. "Sikwambii, mama."

"Nini?"

"Sikwambii. Ukitaka kumjua, twende mjini wakakutoe huo mtoto wa jicho. Utamwona mwenyewe."

"Mwalimu!"

"Ndiyo, mama."

"Unanifanyia hivi kwenye jiko langu?"

Alichukua simu, akatoka nayo. Lakini mimi nilipita njia ya mkato ya nyuma ya msikiti, nikawahi kwa majirani, nikawaomba wasiseme, na kwa Mzee Nampunju pia. Kijiji kizima kilinisaidia, Mungu awabariki. Bi Somoe aliingia kila uwanja, akainua simu: "Huyu nani?" Watu walitazama, wakaziba midomo. Mama mmoja alilazimika kuingia ndani kucheka. Nampunju alizima mashine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa mvua, akashika mbavu na lile bega lake lililoshuka likitikisika. "Bi Somoe," alisema, "huyo mwanamke tunamjua sana. Anatusumbua miaka yote. Lakini jina lake tumekatazwa." Kicheko kikamfuata mpaka nyumbani. Hakunisemesha jioni ile, wala kesho yake. Alinisukumia sahani bila neno. Shule ilifungwa. Begi langu la kwenda Tukuyu kula Krismasi lilikuwa tayari. Asubuhi niliyokuwa niondoke nilifungua mlango, nikamkuta amesimama barazani, amevaa baibui lake la sikukuu na viatu vya kufunika, kifurushi cha ming'oko mikavu mkononi.

"Twende," alisema. "Nikirudi kipofu utanilisha wewe mpaka nife. Na utaniogesha."

Nilipeleka ujumbe nyumbani kwamba siji.

Hospitali ile nakumbuka zaidi mabenchi yake. Ukumbi mrefu, wazee wa kila kijiji, kutoka kingo za mto mpaka Likombe, wamepangwa kama wanafunzi, kila mmoja na mtu wake wa kumshika mkono. Walikuwa wanatiana moyo kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao, na Bi Somoe, aliyekuwa akitetemeka mpaka benchi letu likasikia, ndiye aliyewatia moyo kwa sauti kuliko wote. Walipomwita jina alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Walimfanyia jicho la kushoto kwanza. Alitoka na bandeji, akapelekwa Ufukoni kwa Hamisi, akalala chali kama alivyoagizwa, huku mkewe Hamisi, Mwajuma, akimlisha wali kwa kijiko na kuvumilia maoni yake juu ya nazi. Mimi nilikaa ukumbini kwao nikijifanya nasoma. Kipicha nilikwisha kukipeleka tulipofika mjini, kura za kundi zilikuwa zimeanza, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuthubutu kuzitazama. Nilikuwa nimemtoa mwanamke kwake kwa hila ya kitoto, na kama jicho lile lisingefunguka, hakuna kura ya Mombasa wala Muscat ambayo ingenifaa kitu.

Kesho yake tulirudi kwenye mabenchi. Nesi alipita akifungua bandeji moja moja, na baada ya kila bandeji ilitoka sauti: mmoja alisema "Alhamdulillahi," mwingine alianza kuimba pambio, mzee mmoja alisema tu, "Ukuta! Ukuta!" akiunyooshea kidole. Ikafika zamu yetu. Daktari aliinua vidole vyake.

"Mama, unaona vingapi hapa?"

Bi Somoe alipepesa. Jicho lilikuwa na maji, jekundu pembeni, jeusi katikati, na lilikuwa linatembea. Lilipita kwenye vidole vya daktari bila kusimama, likaja kwangu.

"Kwanza mwondoe huyu msichana anayelia mbele yangu," alisema. Halafu akasita. "Ni wewe? Wewe ndiye Mwalimu?" Akanishika kidevu. "Mbona mtoto! Mwaka mzima natukana mtoto!" Kisha akakumbuka kilichomleta. "Lete simu."

Nilimpa. Aliishika karibu, kifuani, kichwa kimenyooka; sikuwahi kumwona amenyoosha kichwa. Aliitazama na uso wake ukabadilika, ukawa mlaini, ukawa wa msichana. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo sana.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Mwalimu, mama yangu umemjuaje? Amekufa hujazaliwa."

Hamisi aligeukia ukutani. Mimi nilimshika ule mkono wenye simu. "Si mama yako. Ni wewe, mama."

Alinitazama, akaitazama simu, akajishika kidevu, mdomo, kanga yake ya njano. Miaka ilikuwa imepita tangu ajione usoni. Nilingoja kilio. Badala yake kikaanza kicheko, kutoka chini kabisa tumboni, kikapanda, kikajaa ukumbi mzima, wazee wenye bandeji wakaanza kucheka bila kujua wanachekea nini. "Kumbe ndiyo maana Nampunju alizima mashine!" alisema. "Ngoja nirudi!"

Mchana, tukiwa Ufukoni, Mwajuma ametuandalia pweza wa nazi sahani moja sote, simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Dada Mratibu alikuwa ametangaza. Kipepeo mwenyewe alinipigia kura, akaandika kwamba alipokiona kipicha kile alitaka kuomba msamaha kwa kosa asilolijua. Tulikuwa tumeshinda mwaka. Niliwasomea kwa sauti, Hamisi akapiga vigelegele kama mwanamke, Mwajuma akapiga vya kweli, na Bi Somoe akasimama katikati ya chumba na vidole vyenye mchuzi, akaitikia hongera za miji yote. Halafu akaomba kioo. Alijitazama, akaitazama simu, akajitazama tena.

"Pua umekosea," alisema. "Hii pua ni ya mama. Yangu imechongoka. Rudia."

Nami, bingwa wa mwaka mzima, nikanawa mikono, nikakaa chini na kurudia pua.

Tulirudi Mahurunga siku matone ya dawa yalipomruhusu kukaa kwenye jua. Aliposhuka kwenye gari nilinyoosha mkono kumshika kama kawaida, akaupita. Alitembea katikati ya njia akiwaita watu kwa majina na kuwaambia walivyozeeka. Alimwambia jirani yake kwamba paa lake linavuja kwa kulitazama tu, akaingia kwenye mashine akamshika Mzee Nampunju sikio, watu wakitoka majumbani na kutufuata, kanga zikipeperushwa, vigelegele nyumba kwa nyumba. Sikudhani tutapita nyumbani kwake bila kuingia, lakini alipita. Alikwenda mpaka mwisho wa kijiji, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea mashamba ya mpunga, akasimama. Bonde lote lilikuwa wazi mbele yake, na Ruvuma yenyewe, pana, rangi ya chai ya maziwa, michanga katikati, na ng'ambo ile miti ya Msumbiji.

Alikunja uso. Akanyoosha kidole upande wa kushoto, kisha upande wa kulia.

"Mto umehama," alisema. "Ulikuwa unapita pale kwenye mikuyu. Sasa uko kule."

"Umehama zamani, Bi Somoe," alisema Mzee Nampunju, akihema nyuma yetu. "Mafuriko yale makubwa."

"Mbona hamkuniambia?"

Tulikuwa tumedhani kila mtu anajua ulipo mto. Bi Somoe alitutazama mmoja mmoja, kijiji kizima, nami mgeni ndani yake, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa na furaha kubwa kupita kiasi. Kisha akapandisha baibui lake mpaka magotini, akaanza kuteremka peke yake kwenda kuuona kwa karibu, nasi sote tukamfuata.